Michezo ya ACU pale Abilene, Texas: maoni ya mzazi anayependa riadha

Nawapa nyota nne kati ya tano, naisema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na jibu lake. Nazungumzia Abilene Christian University, wenyewe wanaiita ACU, timu zao zinaitwa Wildcats na rangi yao ni zambarau na nyeupe. Mi naishi huku Abilene na familia yangu, Texas ya magharibi, ukitoka Fort Worth unanyoosha na barabara ya I-20 kama kilomita 240 hivi za tambarare na upepo mpaka unafika. Nimeamua kuandika kwa sababu naulizwa sana, na ndugu walio huku na walio nyumbani, "hivi hicho chuo michezo yao ikoje, mtoto akienda kukimbia pale atafaidika?" na kila mara naishia kutuma voisi ndefu WhatsApp, sasa bora niweke yote sehemu moja.

Kwanza kwa wasiojua, Abilene tupo watu wa Kiswahili wengi tu. Shirika la kusaidia wakimbizi la IRC kwa miaka mingi limepokea hapa familia za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, wengi walipita kambi za Tanzania kabla ya kufika, kwa hiyo usishangae ukiwa foleni ya dukani ukasikia mama anamkemea mwanawe kwa Kiswahili cha Kigoma kabisa. Mji wenyewe ni wa watu laki moja na ishirini na tano hivi, na una vyuo vikuu vitatu vya Kikristo, ACU ya Church of Christ, Hardin-Simmons ya Wabaptisti na McMurry ya Wamethodisti. Hili muelewe vizuri maana linawachanganya wengi: Hardin-Simmons na McMurry wako Divisheni 3 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani (Divisheni 1 ndiyo ya juu kabisa), na Divisheni 3 kisheria hawatoi skolashipu ya michezo, hata mtoto akimbie kama upepo. Wanaweza kumsaidia kwa maksi zake au kwa hali ya familia, lakini kwa miguu yake hapana. ACU wako Divisheni 1, hao wanatoa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepata chuo cha Kikristo Abilene" muulize kipi kwanza.

Na ACU ni kadogo jamani, msione neno Divisheni 1 mkadhani ni dude kama University of Texas. Wanafunzi ni elfu tano sita hivi. Kilianza 1906. Ukitembea kampasi yao unaimaliza bila jasho. Sasa chuo cha ukubwa huo kimetoa mtu ambaye mpaka leo ukitaja wakimbiaji wa mbio fupi wa dunia nzima huwezi kumruka, anaitwa Bobby Morrow. Mtoto wa shamba la pamba na karoti kule San Benito, kusini kabisa mwa Texas karibu na Mexico, akaja ACU chini ya kocha Oliver Jackson, na mwaka 1956 akiwa bado mwanafunzi akaenda Olimpiki ya Melbourne akabeba dhahabu ya mita 100, dhahabu ya mita 200, na dhahabu ya kupokezana vijiti watu wanne mita 100 kila mmoja, ambako walivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 39.5. Kabla yake aliyefanya hivyo kwenye Olimpiki moja ni Jesse Owens, 1936. Baada yake ikabidi dunia imsubiri Carl Lewis 1984. Gazeti la Sports Illustrated likamchagua mwanamichezo wa mwaka 1956. Morrow alifariki 2020, na uwanja wa shule kule kwao San Benito una jina lake.

Na hakuwa peke yake. 1960 kule Roma kijana mwingine wa ACU, Earl Young, miaka 19 tu, alikuwemo kwenye timu ya Marekani ya kupokezana vijiti watu wanne mita 400 kila mmoja, iliyochukua dhahabu na rekodi ya dunia. Miaka ya 80 akaja Billy Olson wa kuruka juu kwa upondo, mtu wa kwanza kuvuka futi 19 ndani ya ukumbi, yule alikuwa anabadilishana rekodi za ndani na kina Sergey Bubka, yule mfalme wa upondo wa Kisovieti, fikiria mtu wa Abilene anashindana na Bubka. Halafu Delloreen Ennis-London, Mjamaika wa viunzi, alisoma hapa, na 2005 kwenye mashindano ya dunia Helsinki akapata fedha ya mita 100 viunzi. Kocha Wes Kittley peke yake, kabla hajaondoka 1999 kwenda Texas Tech, alikusanya mataji 29 ya taifa ya Divisheni 2 akiwa ACU, wanaume na wanawake, ndani na nje. Ishirini na tisa! Na alipofika Texas Tech hakupoa, 2019 wanaume wake wakawa mabingwa wa nje wa Divisheni 1. Yaani shule ya ukocha ilikuwa hapa hapa Abilene.

Sasa nije kwa watu wetu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Miaka ya 2000 timu ya ACU ya mbio ndefu na mbio za nyika ilijaa vijana wa kwetu. Alfred Rugema wa Rwanda, Bernard Manirakiza wa Burundi, Nicodemus Naimadu wa Kenya, vijana walioitawala Divisheni 2 kipindi hicho. Rugema alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za nyika 2002, Naimadu naye akaja kuubeba ubingwa huo huo. Mkenya, Mrundi, Mnyarwanda, wamevaa jezi moja ya zambarau, wanafanya mazoezi pamoja kwenye barabara za vumbi za Texas, na nchi zao wakati ule Burundi ilikuwa bado haijatulia na Rwanda kidonda kilikuwa kibichi. Mi hilo naliona kubwa kuliko kombe.

Na yupo Serge Gasore. Huyu ningependa kila mzazi wa Kinyarwanda, Kirundi na Kikongo hapa mjini awasimulie wanawe. Mtoto wa Ntarama, wilaya ya Bugesera, kijiji ambacho kanisa lake watu walikimbilia Aprili 1994 wakidhani ni mahali salama na wakauawa humo humo. Yeye alikuwa mtoto mdogo, akanusurika. Baadaye akawa mkimbiaji, mbio zikamleta ACU, akakimbia, akasoma, akamaliza. Halafu akarudi Ntarama, kijijini kwao pale pale, na mkewe wakaanzisha shirika la kusaidia watoto na familia za kijiji. Shirika lake ndilo linaloandaa zile mbio za kilomita 20 za Bugesera, watu wanatoka Kigali kwenda kukimbia kule. Chuo kingine kingemhesabu kwa pointi alizoleta kwenye timu na kumsahau. Hapa Abilene kuna watu wamebaki marafiki wa kazi yake mpaka leo, wanamchangia, wanakwenda kumtembelea. Nikipima programu ya michezo ya chuo cha Kikristo napima hivyo, mchezaji akishavua viatu vya spaiki anakuwa nani kwao.

Haya, sasa kwa nini sikutoa tano.

2013 ACU walipanda kutoka Divisheni 2 kwenda Divisheni 1. Wakaingia ligi ya Southland, miaka ya mpito ikapita, 2021 wakahamia ligi nyingine, WAC. Kwa upande wa mipira uamuzi ule umewalipa, sibishi. Kikapu wanaume na wanawake wote walifika mashindano makubwa ya NCAA 2019 kwa mara ya kwanza, wakapigwa vibaya, wanaume na Kentucky 79-44 na wanawake na Baylor 95-38, lakini walifika. Halafu 2021 ikaja ile mechi. Kule Indianapolis, ACU wamepangwa namba 14, Texas wenyewe wa Austin namba 3, chuo chenye wanafunzi elfu hamsini na hela isiyohesabika. Vijana wa kocha Joe Golding walikuwa hawafungi, kiukweli kufunga walifunga vibaya mno usiku ule, ila walikuwa wanakaba kama wamechanjiwa, Texas wakapoteza mpira mara 23. Imebaki sekunde 1.2 wako nyuma kwa pointi moja, Joe Pleasant anasimama kwenye mstari wa mitupo huru, na yeye si mpigaji mzuri wa mitupo huru, wote tunajua, asilimia hamsini na kitu msimu mzima. Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. 53-52. Nyumba yetu watu walipiga kelele mpaka jirani akatoka nje kuangalia kuna nini. Mechi iliyofuata UCLA wakawatoa, haidhuru, usiku ule wa Texas hakuna wa kuufuta.

Sasa kwenye riadha hesabu ni nyingine. Divisheni 2 ACU walikuwa wafalme, jumla ya mataji ya taifa ya chuo hiki yanazidi 50 na karibu yote ni riadha na mbio za nyika. Divisheni 1 mambo magumu. Ili mwanariadha wa huku afike fainali ya taifa kwanza awe kwenye 48 bora wa nusu ya magharibi ya nchi kwenye tukio lake, aende raundi ile ya kanda, akimbie pamoja na watu wa Texas, Texas A&M, Oregon, Texas Tech, USC, watoke 12 tu ndio waende fainali. Kuna watu pale wanaenda Olimpiki mwezi unaofuata. ACU wanapeleka mmoja mmoja, wawili, ni kazi nzuri, lakini yale mataji ya timu hayapo tena na kwa mtazamo wangu hayarudi karibuni. Kikapu timu ya watu watano wakikaba vizuri usiku mmoja unaweza kumtoa Texas. Riadha hakuna usiku mmoja wa bahati, pointi zinakusanywa kwenye matukio zaidi ya ishirini na mwenye watu wengi wa kasi ndiye anashinda, basi.

Kwa hiyo walichopata ni jukwaa la mipira na walichotoa ni ufalme wa mbio. Mi kama mpenzi wa riadha naona biashara ile haijalipa sawa pande zote. Chuo hiki dunia ilikijua kwa Morrow, kwa tartani, na ukiangalia leo habari zinazopewa nafasi kubwa ni futiboli ya Kimarekani na kikapu. Sisemi wapunguze huko, 2024 timu yao ya futiboli imekuwa bingwa wa ligi yao, hongera na tumefurahi wote. Ila nyota ya tano nitaiweka siku nikiona wanatafuta tena wakimbiaji kule Eldoret, Bugesera, Arusha kwa bidii waliyokuwa nayo miaka ile. Skolashipu tatu nne za mbio ndefu zikipewa watu sahihi timu ya nyika inabadilika sura kabisa, maana nyika wanahesabiwa watano tu wa kwanza. Huhitaji bajeti ya Texas kupata watano.

Nikirudi kwenye kuhudhuria kwenyewe, kwenda na familia siku ya mashindano, hapo sina malalamiko hata kidogo. Uwanja wao wa riadha unaitwa Elmer Gray Stadium. Nendeni mashindano ya masika, Machi au Aprili. Unakaa karibu kiasi kwamba unasikia kila kitu. Mita 100 za viunzi za wasichana zikipita mbele yako unasikia ile mguu-mguu-mguu-ruka, mguu-mguu-mguu-ruka, na mmoja akigonga kiunzi kwa goti unasikia mlio wake kabla hujaona kinaanguka. Kwenye shimo la kuruka chini kuna kijana na reki, kila mrukaji akitua anapimwa, kijana anasawazisha mchanga, anarudi nyuma, na mzee wa kipima upepo anasoma namba yake kwa sauti. Abilene upepo ni mchezaji wa pili. Ukivuma nyuma ya mkimbiaji kuzidi mita 2.0 kwa sekunde, muda wake hauhesabiki kwenye rekodi, kwa hiyo utaona msichana amekimbia maisha yake yote, amefika mwisho anaangalia saa anaruka kwa furaha, kisha anageuka kuangalia kile kipimo cha upepo, 3.4, mabega yanashuka. Mwanangu wa kike ndiyo kitu cha kwanza anachoangalia siku hizi, kabla hata ya muda.

Siku moja alikaa karibu nasi mama mmoja wa Kirundi na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa hivi, mashindano ya mita 5,000 yanaendelea, mizunguko kumi na mbili na nusu. Mtoto anauliza, "Bibi, mbona wanazunguka tu?" Bibi anamjibu, "Subiri mwanangu, wewe mwangalie yule wa mwisho wa kundi la mbele, asiyehangaika. Huyo ndiye atakayewamaliza." Mizunguko miwili ya mwisho kijana yule akatoka nyuma, akapita mmoja, akapita mwingine, mama akasimama na kitenge chake akapiga vigelegele jukwaa zima likageuka. Hakuwa hata mchezaji wa ACU, alikuwa wa chuo kingine kabisa, na watu wa zambarau wakampigia makofi mama na kijana wote wawili. Mzee mmoja wa Kimarekani akaja kumsalimia mama kwa heshima kabisa akamuuliza amejuaje, mjukuu ndiye akawa mkalimani.

Hiyo ndiyo hali ya viwanja vyao kwa ujumla. Hakuna matusi, hakuna mlevi wa kukumwagia bia, chuo chenyewe hakiruhusu pombe kampasi. Unaweza kumwachia mtoto wa miaka kumi aende kununua bisi mwenyewe na arudi. Wachezaji baada ya mechi wanasimama na watoto wanapiga picha. Kikapu wanachezea Moody Coliseum, jengo la tangu 1968 ambalo karibuni limefanyiwa ukarabati mkubwa. Futiboli Jumamosi za vuli wapo kwenye uwanja wao wa ndani ya kampasi tangu 2017, bendi yao ya Big Purple ikipiga mtoto mdogo hawezi kukaa chini. Futiboli ya Kimarekani mimi siifuatilii sana, ila kuna kitu kimoja kila mtu wa hapa atakusimulia na ni kweli: Oktoba 1976 Mswidi mmoja anaitwa Ove Johansson, mtu aliyekulia kwenye soka na mchezo ule alikuwa mgeni nao, alipiga mpira ukapita kati ya milingoti kutoka yadi 69, kama mita 63, na mpaka leo, ukiacha mechi za maandalizi ya msimu, hakuna aliyepiga mbali zaidi kwenye mechi rasmi ya ngazi yoyote. Siku hiyo hiyo Wilbert Montgomery wa ACU naye akaweka rekodi yake ya touchdown, yaani mara za kuvuka mstari wa mwisho na mpira. Mechi moja!

Upande wa imani nao niuguse maana wazazi wengi ndicho wanachouliza kwanza. Wanafunzi wote wanasoma masomo ya Biblia kama sehemu ya digrii, na wanahudhuria ibada ya chuo, wachezaji na wasio wachezaji, hakuna msamaha kwa sababu unakimbia. Church of Christ kwa asili wanaimba bila vyombo, sauti nne tupu, na ndugu zangu mliokulia kwaya mkiisikia mtapenda, inakumbusha kwaya za kwetu kabla keyboard hazijavamia makanisa. Mkatoliki, Mpentekoste, Mwadventista wote wanasoma pale. Mtoto asiyetaka kabisa mambo ya dini asiende, atateseka bure, aende chuo cha serikali. Lakini mtoto aliyelelewa kanisani atajikuta kwenye mazingira anayoyajua, na ukiwa maili elfu nane kutoka nyumbani, msimu wa baridi, umeumia msuli, hilo lina uzito.

Sasa skolashipu, hapa ndipo watu wanaumizwa. Kuna kaka mmoja alinipigia kutoka Kasulu, kijana wake anakimbia mita 1,500 vizuri.

"Kaka, wamesema anapewa skolashipu, si ndiyo kila kitu bure?"

"Wamesema asilimia ngapi?"

"Asilimia? Kwani inakatwakatwa?"

Inakatwa ndugu zangu. Kwa miaka mingi riadha ya Divisheni 1 ilikuwa na skolashipu 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, na hizo kocha anazigawa kwa timu yenye watu thelathini arobaini, huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu tu. Tangu mwaka wa masomo wa 2025-26 sheria zimebadilika, kwa vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya kikomo sasa ni idadi ya wachezaji badala ya idadi ya skolashipu, lakini hela bado ni ya chuo na chuo kidogo kina hela ndogo. Na ACU ni chuo binafsi, ada yake ni kubwa, nusu iliyobaki inaweza kuwa zaidi ya mshahara wa mwaka wa familia nzima nyumbani. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha, na uulize kwa maandishi, ni hili: baada ya skolashipu ya michezo, na ya masomo, na msaada mwingine wote, mzazi analipa shilingi ngapi kwa mwaka? Namba moja. Habari njema ni kwamba vyuo kama hivi vina pesa nzuri ya ufadhili wa masomo, mtoto mwenye maksi safi anaunganisha mbili, ya miguu na ya kichwa, na hapo ndipo inakuwa inawezekana. Ndiyo maana nawaambia vijana wasiache shule kwa sababu ya mazoezi.

Lazima pia ajisajili NCAA Eligibility Center, apeleke matokeo yake ya sekondari, na asikae nyumbani muda mrefu baada ya kumaliza, maana Divisheni 1 kwenye riadha ukipita mwaka mmoja tangu umalize sekondari kisha ukaendelea kushindana kwenye mashindano rasmi wanaanza kukukata muda wako wa kucheza. Vijana wetu wengi wanapoteza hapo, wanamaliza, wanakimbia mbio za barabarani za zawadi miaka mitatu wakitafuta hela, halafu ndio wanatafuta chuo. Na mkiwa na viza ya F-1 muwe makini na kazi, hata hizi hela za kutumia jina na picha ya mchezaji kwenye matangazo ambazo Wamarekani wanalipwa tangu 2021 kwa mwenye viza ya mwanafunzi ni mtihani mkubwa, msiahidiane kitu kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Na mawakala! Familia moja naifahamu ilidaiwa na wakala, simtaji, sehemu ya skolashipu ya mtoto kila mwaka kama malipo yake. Sheria za NCAA haziruhusu huduma ya kumtafutia mtoto chuo ilipwe kwa kukata kiasi cha skolashipu, ikigundulika anayeumia ni mtoto, wakala yuko zake. Kocha wa ACU au wa chuo chochote ana barua pepe kwenye ukurasa wa timu, kijana anaandika mwenyewe, anaweka muda wake bora, tarehe na mahali alipoukimbia, video, na matokeo ya shule. Ni bure. Muda usiwe wa saa ya mkononi ya rafiki yake, uwe wa mashindano yanayotambulika, Athletics Kenya, Riadha Tanzania, ya Rwanda au Burundi, makocha wa huku wanajua kutafuta.

Nani aende ACU kwa maoni yangu? Mkimbiaji mzuri ambaye bado hajawa wa kiwango cha Oregon au Texas Tech, anayetaka kocha anayejua jina la mama yake, anayetaka kusoma hasa uuguzi, biashara, ualimu, na ambaye imani si mzigo kwake. Huyo atapata nafasi ya kukimbia tangu mwaka wa kwanza, kule kwa wakubwa angekaa benchi akiangalia wengine. Mwenye kasi ya kufika Olimpiki sasa hivi atafute kwingine kwenye ushindani mkubwa kila wiki, ingawa Morrow angekataa kauli yangu hii.

Na nyie mlio huku Abilene, familia zetu, tokeni. Ratiba ya riadha ikitoka mwanzoni mwa mwaka angalieni mashindano ya nyumbani, bebeni viti vya kukunja, maji, kofia, na kitenge cha kujifunika maana upepo wa hapa asubuhi unauma na mchana jua linachoma, siku hiyo hiyo moja. Wapelekeni watoto waone mita 1,500 na 5,000 kwa macho yao. Wakikuta mkimbiaji wa kwetu wamsalimie kwa Kiswahili, huwa wanageuka haraka sana.